Jeli Nyeupe kama Yai

12 Januari

Mjomba, shikamoo.

Sisi huku hatujambo. Mama naye hajambo, ila goti lake la kulia limeanza kugomea ngazi na cherehani yake imeanza kugomea uzi, na hajaamua akasirikie kipi kwanza. Anakusalimu sana. Kila jioni anauliza kama umeandika, nami kila jioni namjibu kwamba mtu asiyetaka simu na asiyeandika barua labda hataki kupatikana. Ananiambia nifunge mdomo.

Tangu tulipomzika bibi hatujapata hata mstari wako. Sikuandikii ili nikusute. Ningetaka kukusuta ningemwachia mama kalamu.

Nina shida ya kazi. Mama anasema ulikuwa mkemia wa jeli miaka thelathini kwenye kampuni ya lenzi za macho, na kwamba mlikuwa na kona ya majaribio ya jeli za dawa. Ninatengeneza jeli ya kufunikia majeraha ya moto. Unajua inavyokwenda: polima, nyuzi ndefu zilizofungwa pamoja kama wavu, na wavu unashika maji. Ikiwa kwenye baridi inakunywa na kuvimba. Ikifika nyuzi joto thelathini na mbili inajikunja na kuyatema. Ukiiloweka kwenye dawa kisha ukaiweka juu ya jeraha, joto la mgonjwa mwenyewe ndilo linaloikamua. Muuguzi hana haja ya kubandua bandeji mara tatu kwa siku huku mtu analia.

Kwenye majarida yote jeli hii ni angavu kama kioo. Yangu inatoka nyeupe kama yai lililochemshwa. Nimejaribu mara tisa, na mara zote tisa nimepata yai. Msimamizi wangu tunamwita Bwana Slaidi, kwa sababu hajashika bika tangu mimi nikiwa shule ya msingi lakini slaidi zake zina rangi saba. Ushauri wake ni kwamba niipige picha kwa upande wenye mwanga.

Tarehe 11 Juni nakaa mbele ya jopo. Wakiikubali kazi hii, napewa meza yangu ya maabara kwa miaka mitatu. Wakiikataa, meza inakwenda kwa jamaa wa rangi za kuta, nami narudi kufundisha kemia kwa kuchora chupa ubaoni.

Nisaidie. Na usinijibu kwa dharau. Mama amenionya.

Mpwa wako


6 Februari

Mpwa wangu, marahaba.

Mimi mzima. Dirisha langu limebandikwa gazeti pembeni ili upepo usiingie, na jirani wa ghorofa ya juu amenunua piano bila kununua mwalimu. Nasoma. Natembea hadi maktaba na kurudi. Mwambie dada yangu aache kupanda ngazi kama mtu anayefukuzwa, na cherehani aipake mafuta kabla ya kuitukana.

Habari za bibi yako nilizipata. Tuziache hapo.

Umeomba usijibiwe kwa dharau. Ungeniletea kazi isiyoiomba dharau ningejitahidi. Mara tisa! Mtu akikosea mara mbili ana bahati mbaya, akikosea mara tisa ana tabia. Jeli nyeupe ni jeli chafu. Ama vyombo vyako vina mabaki ya sabuni, ama unapima kwa macho, ama hewa inaingia wakati unapiga soga na wenzako. Huyo Bwana Slaidi nimemwelewa bila kumwona. Watu wa aina yake wako kila mahali, hata hapa. Mmoja nilimjua aliyekuwa akivaa koti jeupe kwenda kula chakula cha mchana, kisha analivua akirudi kazini asije akalichafua.

Nakunakilia utaratibu kutoka kwenye daftari langu, neno kwa neno:

Pima monoma na kifungio. Yeyusha kwenye maji yaliyokenekwa. Chuja. Pitisha naitrojeni dakika thelathini, maana oksijeni inaua kazi kabla haijaanza. Tia kianzishi. Mimina katikati ya vioo viwili. Acha mezani saa ishirini na nne. Bandua. Osha siku saba, ukibadilisha maji asubuhi na jioni.

Basi. Hakuna mahali palipoandikwa "ongeza akili zako".

Mjomba wako


3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama ameipaka mafuta cherehani. Sasa inashona vizuri na kutia madoa vizuri. Amesema ushauri wako una mkono wako.

Mimi nimelifuata daftari lako mpaka kwenye nukta. Vyombo nimevisuuza mara kumi na mbili. Naitrojeni nimeipitisha dakika thelathini kwa saa ya ukutani. Sikupiga soga na mtu, hata salamu nilizijibu kwa kichwa. Nimerudia mara tatu.

Nyeupe. Mara zote tatu.

Fundi wa maabara, ambaye kazi yake ni kutengeneza mashine na kuzisikiliza shida zetu bila kuombwa, alisimama nyuma yangu nikibandua vioo.

"Huyo mjomba wako ni mkemia au mtabiri?"

"Mkemia."

"Basi abadilishe kazi. Kwenye utabiri angekuwa anapatia mara moja moja."

Nilicheka, Mjomba. Sikuwa na jinsi.

Nakuletea kipande kwenye bahasha hii. Nimekikausha, kinafanana na kucha. Kitie kwenye maji uone mwenyewe kama ni uchafu.

Jambo lingine. Bwana Slaidi ana rafiki kwenye chuo kingine anayetengeneza jeli hii ikatoka angavu. Anataka aletewe kipande, nikionyeshe mbele ya jopo kama changu. "Jeli ni jeli," anasema. Sijamkubalia na sijamkatalia. Ukiwa na neno, liseme.

Mpwa wako


29 Machi

Mpwa wangu, marahaba.

Kikombe cha chai chenye maji ya bomba, juu ya meza yangu, karibu na dirisha. Hapo ndipo nilipokiweka kipande chako siku ya Jumatatu. Jumatano kilikuwa kimejaa kikombe. Alhamisi nikakihamishia kwenye bakuli. Si angavu, hilo nakubali. Kina ukungu, kama kioo mtu alichokipulizia pumzi. Lakini yai la kuchemsha sikuliona. Kwa hiyo ama macho yako yanataka miwani, ama ulimi wako unapenda chumvi. Jeli ninayoiona ni kubwa, laini, na hai. Jeli unayoieleza ni ndogo na nyeupe. Chagua moja tuijadili.

Nimekishika mkononi pia. Kuhusu hilo sitaandika leo.

Sasa huyo msimamizi wako. Kuonyesha kazi ya mtu mwingine na kuacha watu waamini ni yako, mpwa wangu, huo si ujanja. Ni woga uliovaa tai. Na ubaya wake ni kwamba ukishaanza huwezi kuacha, kwa sababu kila anayekusifu anakupigilia msumari mmoja zaidi, na

Mstari uliofuata nimeufuta. Usipoteze muda kuuelekezea mwanga.

Mkatalie. Mkatalie kwa sauti, mbele ya huyo fundi wenu mwenye mdomo.

Mjomba wako


22 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Mama mzima. Mimi pia. Salamu zimeisha.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mbele ya meza yangu, jasho linanidondokea kwenye karatasi. Nikasoma tena "juu ya meza yangu, karibu na dirisha". Nikaenda kwa fundi nikaazima kipimajoto, nikakiweka hapo hapo ninapoacha vioo vyangu. Unajua kilisema nini saa sita mchana? Thelathini na tano. Jeli inayojikunja kwenye thelathini na mbili, nimeiacha izaliwe kwenye thelathini na tano! Nyuzi zake zinajikunja huku zinafungwa. Zinarundikana mafungu mafungu, na kati ya mafungu panabaki vijishimo. Ndiyo maana ni nyeupe. Haina uchafu wowote. Daftari lako linasema "acha mezani", kana kwamba meza zote za dunia hii zina baridi ya kwako.

Mimi ni mjinga, nakubali, sikupima. Lakini wewe! Umezaliwa kwenye joto hili. Umefundisha kwenye madarasa haya kabla serikali haijakufukuza nchini. Umeishi huko mpaka umesahau kwamba watu wanatoka jasho? Umenitukana miezi mitatu kwa kosa lililo kwenye daftari lako.

Nimemimina nyingine vioo vikiwa ndani ya beseni la barafu. Imetoka angavu, nzuri, kama ya majaridani. Bwana Slaidi ameipiga picha kumi na tano. Sasa sikiliza: hii angavu, ukiipasha joto, inachukua saa mbili kutema dawa, kwa sababu inajifunga ngozi ya nje kwanza na maji yanakwama ndani. Ile nyeupe, yenye vijishimo, inatema kwa dakika moja. Nimepima mara kumi.

Jopo ni 11 Juni. Bwana Slaidi anataka angavu, maana inapendeza. Mimi sijui. Nikionyesha nyeupe watanicheka kabla sijafungua mdomo. Nikionyesha angavu watapiga makofi, kisha wagonjwa watangoja saa mbili.

Ungekuwa wewe ungeonyesha ipi? Na nijibu hili pia: uliwahi kweli kuimimina jeli hii kwa mkono wako?

Mpwa wako


13 Juni

Mjomba, shikamoo.

Hujajibu. Wiki saba. Mama anasema labda unaumwa. Mimi nasema labda umeona haya, na nikamwambia hivyo, akanirushia kibweta cha vifungo.

Nilikwenda na nyeupe. Niliibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu, nikiwa nimeitia dawa yenye rangi ya bluu ili waione ikitoka. Ukumbini kuna kiyoyozi, watu saba wamevaa makoti. Bwana Slaidi alikuwa ameweka picha ya angavu kwenye ukurasa wa kwanza bila kuniambia. Nikasema mbele yao, "Hiyo siyo niliyoileta." Akakohoa mpaka mwisho wa kikao.

Nikafungua chupa. Mwenyekiti akainama.

"Hiki si ute wa yai?"

"Yai halitemi dawa, mheshimiwa."

"Na hiki kinatema?"

Kabla sijajibu, muuguzi mkuu wa wodi ya majeraha ya moto akakunja mkono wa koti lake. Ni mama mfupi.

"Weka hapa."

"Haijajaribiwa kwa mtu, mama."

"Mkono ni wangu, binti. Weka."

Nikaweka. Akaanza kuhesabu kwa sauti, kama anahesabu mapigo ya moyo. Alipofika arobaini na nane, bluu ikateremka mpaka kwenye kiwiko. Yule jamaa wa rangi za kuta akaacha kuandika. Ningekuwa na akili ningekufa pale pale, Mjomba, maana sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Dakika kumi baadaye muuguzi akaanza kujikuna. Jeli ilipobanduliwa, chini yake palikuwa pekundu kama mtu aliyezabwa kofi.

"Hongera," akasema mwenyekiti. "Umetengeneza upupu."

Walicheka wote isipokuwa muuguzi. Yeye ndiye aliyewaomba wanipe nafasi nyingine. Nirudi tarehe 17 Septemba. Nikirudi na kitu kinachowasha, meza inakwenda. Mabaki ya monoma, ile malighafi ambayo haikufungwa kwenye wavu, yamo ndani, ndiyo yanayochoma ngozi. Na mimi niliosha siku saba, Mjomba. Asubuhi na jioni, kama ulivyoandika. Sijui nifanye nini.

24 Juni. Sikuwa nimeituma. Leo imefika yako.


30 Mei

Mpwa wangu, marahaba.

Jirani ameacha piano. Huku kumeanza kuwa na jua. Sina habari nyingine, na swali lako nimelikalia wiki mbili nzima.

Sijawahi. Sikumimina hata moja. Nilikuwa mwosha.

Nilipofika hapa nilikuwa na cheti changu cha ualimu kwenye mfuko wa plastiki. Pale kampuni hawakukisoma. Walinipa aproni na glavu ndefu na kunionyesha mabafu. Jeli zilimiminwa chumba cha pili, na wahandisi, kisha zikaletwa kwangu kwenye trei nami nikaziosha. Miaka thelathini. Barua ya kwanza nyumbani niliandika kwamba nimepata kazi kwenye idara ya kemia, na hilo lilikuwa kweli. Bibi yako akawasomea majirani, na lilipotoka mdomoni mwake lilikuwa "mkemia". Mwaka wa kwanza niliona haya kusahihisha. Mwaka wa pili ilikuwa imechelewa. Kisha likakua lenyewe.

Walionifukuza wameshakufa, na amri yao imeshafutwa. Ningeweza kurudi miaka mingi iliyopita. Sikuja kumzika mama yangu kwa sababu nilijua mtu angesema, "Mpisheni mkemia apite", na wangenipisha.

Utaratibu niliokutumia niliunakili kutoka kwenye daftari la mhandisi aliloliacha wazi akaenda kula. Chumba chake kilipozwa kwa mashine, mwaka mzima nyuzi ishirini. Mimi sikuwahi kuingia humo kufanya kazi, basi sikujua kwamba meza ina neno. Umenisimanga kwamba nimesahau joto la huko. Hapo umekosea. Nakumbuka chaki ikilainika kwenye vidole vyangu kabla sijamaliza mlinganyo. Sikusahau joto. Nilikuwa sijui kemia.

Na sasa kile ambacho sikukiandika. Kipande chako nilikiweka kwenye kiganja. Kilitema maji yote kabla sijasoma nusu ukurasa wa kitabu. Zile nilizoosha mimi zilichukua saa mbili. Mikono hii imeshika jeli nyingi kuliko mhandisi yeyote wa kampuni ile, na haikuwahi kushika kitu kama hicho. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nimeshakuita mchafu.

Onyesha nyeupe.

Usimwambie mama yako.

Mjomba wako


24 Juni, inaendelea

Nimesoma yako. Kwanza nimecheka, halafu nimekasirika. Mtu anatoka kuosha trei, anakaa chini, anamwita mpwa wake mchafu, kwa cheo cha kuazima! "Woga uliovaa tai." Ule mstari uliofuta nimeuelewa sasa bila mwanga.

Mama sijamwambia. Si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya vifungo, nimechoka kuviokota.

Lakini nisikilize. Mkemia sikosi, nipo mimi. Ninayemkosa ni mwosha. Kwa nini nimeosha siku saba na bado inachoma?

Mpwa wako


15 Julai

Mpwa wangu, marahaba.

Mwambie dada yangu kwamba siumwi.

Hatimaye umeuliza kitu ninachokijua, kwa hiyo keti, chukua kalamu, na usinikatize.

Umeosha siku saba kwenye meza ya nyuzi thelathini na tano. Kwenye joto hilo jeli yako imejifunga. Maji yako yalikuwa yanapita nje tu. Wewe umeosha sufuria bila kufunua kifuniko, halafu unashangaa ukoko haujatoka. Daktari mtarajiwa wa falsafa! Bibi yako asingekuacha uoshe hata kijiko.

Jeli ya aina hii haioshwi kwa kulowekwa. Inaoshwa kwa kunyweshwa na kutapishwa. Iweke kwenye maji ya barafu mpaka ivimbe kabisa, maji yaingie kila pembe. Kisha ihamishie kwenye maji ya uvuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto. Itajikunja na kutapika, na uchafu utatoka nayo. Mwaga. Rudi kwenye barafu. Usiikamue kwa vidole, itapasuka. Usiinyanyue kwa koleo, itachanika. Teleza kiganja chini yake, uibebe kama mtu aliyelala.

Zile zetu angavu, mzunguko mmoja ulichukua nusu siku. Ndiyo maana wahandisi waliandika siku saba wakaridhika. Walikuwa wanahesabu siku. Ya kwako inakunywa haraka na kutema haraka, utaizungusha mara ishirini kwa siku. Hapo ndipo weupe wake una faida ya pili ambayo wewe, msomi, hukuiona.

Utajuaje kwamba imetakata? Nilibaki na elimu yangu ya ualimu kidogo, na hapo niliitumia bila kumwambia mtu. Chukua chembe moja ya pamanganeti, ile ya zambarau, iyeyushe kwenye glasi mpaka maji yawe waridi tu. Tia ndani yake maji ya mwisho uliyomwaga. Monoma ikiwemo, waridi linageuka kahawia. Lisipogeuka mpaka chai yako ipoe, umemaliza. Nilifanya hivyo kila Ijumaa. Hakuna aliyewahi kurudisha trei yangu, na hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini.

Sasa nenda kaoshe.

Mjomba wako


20 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Goti la mama limepata nafuu, na sasa anapanda ngazi kwa makusudi ili nimwone.

Mizunguko arobaini na tatu. Mpaka wa arobaini na mbili, waridi liligeuka kahawia kila mara. Nilikutukana kwa sauti, fundi shahidi. Wa arobaini na tatu likabaki waridi. Nilimwita fundi aje athibitishe. Akaitazama glasi, akaitazama chai yangu, akainywa chai, akasema, "Imepoa." Safari hii niliijaribu kwenye ngozi yangu kwanza, siku tano mfululizo, na kamati ya wodi ikatia saini.

Tarehe 17 muuguzi alikunja mkono ule ule, akaomba ikae kikao chote. Saa moja na robo. Mwenyekiti alikuwa akinyoosha shingo kila mara atazame, kama mtu anayesubiri ajali. Ilipobanduliwa, ngozi ilikuwa kama ya upande wa pili. Muuguzi akamwonyesha kila mjumbe mkono wake, mmoja mmoja, na alipofika kwa mwenyekiti akaukawiza.

Meza ni yangu, miaka mitatu. Jamaa wa rangi za kuta amenuna. Bwana Slaidi amenipa mkono na kusema "tumefanikiwa". Sikujua tulikuwa wangapi.

Sasa kuna fomu. Jopo wanataka kila hatua iandikwe, na aliyeibuni. Kwa upande wa kuosha kuna nafasi mbili: uhusiano na mradi, na kazi. Ya kwanza nimeijaza, "mjomba wa mtafiti". Ya pili imebaki tupu. Niandike "mkemia mstaafu", au niandike kweli? Ripoti inabandikwa kwenye ubao wa idara tarehe 31 Oktoba, na mama ameshasema atakuja kuisoma, kama goti linataka au halitaki. Amenunua viatu.

Nitaandika utakachosema. Sitabishana. Ila usinichelewee tena.

Mpwa wako


9 Oktoba

Mpwa wangu, marahaba.

Barua yako imefika jana, na leo naipeleka hii posta kwa miguu yangu. Mvua imeanza, gazeti la dirishani limelowa. Hongera. Nimeisoma sehemu ya muuguzi mara nne, na mara ya nne nilisimama.

Mizunguko arobaini na miwili bila waridi kukaa ina maana barafu yako ilikuwa haba. Ongeza. Na shukuru fundi, ingawa chai ni yako.

Andika: mwosha jeli, miaka thelathini. Usiweke "mtaalamu wa usafishaji" wala "msaidizi wa maabara" wala pambo lolote watakalolipendekeza huko ofisini. Bwana Slaidi akitaka jina lake liwe kwenye nafasi hiyo, mpe kwanza glavu.

Dada yangu hatakisoma kitu hicho ubaoni, amesimama kwenye viatu vipya katikati ya watu. Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, ya kwake. Nimemwandikia yote, pamoja na kwa nini sikuja kumzika mama. Mpe mkononi akiwa amekaa, na cherehani ikiwa imezimwa. Akimaliza kusoma atasema neno moja juu yangu. Huwa ni moja tu, na huwa ni kali. Usimtulize na usinitetee. Liandike kama alivyolisema, uniletee.

Mjomba wako